Arosto Haitibiwi kwa Kufuli

Tunaomba radhi kwa wale waliokerwa na sauti zetu katika mkutano wa mwezi uliopita. Kwa sauti tu. Kwa maneno yenyewe hatuombi radhi, na kwa kuwa mwenyekiti alitukatiza kabla hatujafika nusu, tunayamalizia hapa.

Wasiokuwapo wajue kilichotokea. Liliwekwa mezani ombi dogo: kwamba ukumbi wetu, ambao jioni za Alhamisi hukaa mtupu ukipashwa moto bure, utumiwe saa moja kwa darasa la yoga kwa vijana wetu wanaoacha unga, na mama zao wakipenda. Mwalimu yupo, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa anayefundisha watu wenye maumivu ya mgongo, na hataki malipo. Mikeka ipo. Kamati ililikataa ombi kwa dakika kumi na moja; tuliangalia saa. Zilitolewa sababu tatu: kwamba yoga ni ibada ya Kihindi, kwamba tukifungua mlango huo mji mzima utajua kuwa kwetu kuna mateja, na kwamba kijana anayetaka kweli kuacha "hupelekwa nyumbani akafungiwa, yakaisha."

Hii ya tatu ndiyo iliyotutoa kwenye viti vyetu. Tuanze nayo, maana hii inaua.

Yupo kijana tuliyemjua tangu anabebwa mgongoni. Hatumtaji, na wanaomjua hawahitaji kutajiwa. Alianza na vidonge vya maumivu baada ya kuvunjika mguu, vidonge vikaisha, akaangukia kwenye unga. Familia ikafanya lile ambalo familia zetu hulifanya: ikamkatia tiketi, akapelekwa pwani kwa baba yake mkubwa, akafungiwa stoo siku tisa na ndoo, jagi la maji na kufuli nje. Alipiga kelele siku tatu, akanyamaza, akatoka mwembamba lakini msafi. Akaswali, akala wali, akapigwa picha, na picha ile ikazunguka kwenye simu zetu sote tukiandikiana hongera. Akarudi Uingereza. Siku ya kumi na moja baada ya kurudi alichukua kipimo chake kilekile cha zamani. Mama yake alikuwa chumba cha pili akisikia maji yanachuruzika bafuni, akadhani anaoga.

Tulikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Na tuseme kweli yote: tulikuwa pia miongoni mwa waliochanga ile nauli. Tulitoa pauni hamsini.

Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akasema "akafungiwa, yakaisha", sisi tunauliza: yakaisha nini? Arosto iliisha, kweli. Lakini pamoja na arosto uliisha ustahimilivu wa mwili. Kile kipimo ambacho mwili ulikuwa unakibeba kila siku, baada ya siku tisa za stoo mwili hauwezi tena kukibeba, na kijana hajui, na hakuna aliyemwambia. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2003 madaktari wa London walichapisha habari za wagonjwa 137 waliolazwa ili kutolewa kwenye heroini na jamaa zake. Ndani ya miezi minne watatu walikuwa wamekufa kwa kuzidisha dozi. Wote watatu walitoka katika kundi la wale waliomaliza, waliotoka wasafi na ustahimilivu wao umekwisha. Waliokatisha njiani hawakufa hivyo. Na hao walikuwa hospitalini, wamezungukwa na wauguzi. Sasa fikirini stoo.

Hapa mtatuvumilia kidogo, kwa sababu kazi yetu ni uhandisi na hatujui kueleza jambo ila kwa vyuma.

Chukua springi ya gari, weka juu yake jiwe. Springi itabonyea. Kila siku ongeza jiwe, na springi nayo ijifunze kusukuma kwa nguvu zaidi ili gari likae sawa. Ndivyo unga unavyofanya. Hukandamiza sehemu ya shina la ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali ya kuuamsha mwili, na mwili, ambao hautaki kulala milele, huongeza msukumo wa kushindana na mkandamizo huo. Kisha siku moja unaliondoa jiwe kwa teke. Springi hairudi mahali pake kwa adabu. Inaruka, inapita mahali pake, inarudi, inaruka tena. Huko kuruka ndiko arosto: moyo kwenda mbio, jasho, kamasi na machozi, malaika kusimama mwili mzima, tumbo kuharisha, miguu kukosa utulivu, mboni za macho kupanuka, usingizi kukimbia kabisa. Kwa mtu wa heroini huanza kati ya saa 8 na saa 24 baada ya kipimo cha mwisho, na huendelea siku 4 hadi 10. Anayesema ni uvivu wa nafsi au udhaifu wa imani hajawahi kuona springi.

Dawa zipo. Methadoni na buprenofini hufanya kazi ya kulishusha jiwe polepole, au kuliweka jiwe jingine linalotulia mahali pamoja, lisilopanda na kushuka mara nne kwa siku. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2005. Kwetu zinaitwa "kubadilisha ulevi kwa ulevi", na mwenye kusema hivyo mara nyingi ana kidonge cha presha mfukoni ambacho atakinywa mpaka kufa kwake, wala hatumwiti mlevi wa presha.

Lakini gari zuri halina springi peke yake. Lina shokapu. Springi hubeba uzito, shokapu hutuliza mrusho. Aliyewahi kuendesha gari lenye shokapu zilizokufa kwenye barabara ya mashimo anajua tunasema nini. Na mwili nao umeumbwa na shokapu yake: neva ndefu inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, wataalamu huiita vagasi. Mtu akitoa pumzi polepole, neva hii hufanya kazi zaidi na moyo hupunguza mwendo. Msitusadiki sisi. Wekeni vidole kwenye kifundo cha mkono sasa hivi, mvute pumzi kwa hesabu ya nne, muitoe kwa hesabu ya saba. Mtasikia mapigo yakichelewa pumzi inapotoka. Vijana huisikia waziwazi zaidi. Sisi wa miaka hamsini na kitu tunahitaji kunyamazisha televisheni kwanza.

Hiyo ndiyo shabaha ya darasa tulilonyimwa ukumbi. Hakuna mtu atakayesimama kwa kichwa. Kijana aliye kwenye arosto hana nguvu hata ya kufunga kamba za viatu. Atalala chali miguu ikiegemezwa ukutani, atanyoosha mgongo polepole akiwa ameketi kitini, atafuata pumzi yake akiongozwa na sauti ya mtu asiyemkaripia.

Sisi tulisomea uhandisi wa mitambo Bangalore mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla mji haujabadilishwa jina kuwa Bengaluru, na kila mara tulipopita Hosur Road kwa basi tuliiona taasisi ya taifa ya afya ya akili na neva, ile inayoitwa kwa kifupi NIMHANS. Tuliifanyia mzaha, kama vijana wafanyavyo: mwenzetu akishindwa mtihani tulimwambia basi lake linasimama pale. Januari 2026 wataalamu wa taasisi hiyohiyo walichapisha katika jarida la JAMA Psychiatry jaribio lao juu ya jambo hili hasa. Walichukua wanaume 59 walio katika arosto ya wastani au ndogo. Wote walipewa buprenofini na matunzo ya kawaida. Thelathini kati yao wakaongezewa yoga: vipindi 10 vya dakika 45 katika siku 14, mazoezi mepesi, pumzi na kujilegeza. Katika kundi la dawa peke yake nusu ya watu walikuwa wametulia kufikia siku ya 9. Katika kundi la dawa na yoga, siku ya 5. Walipima pia jinsi mapigo ya moyo yanavyobadilika baina ya pigo na pigo, kipimo kinachoonyesha kama ile shokapu inafanya kazi, kikawa bora zaidi kwa waliofanya yoga; na wasiwasi, usingizi na maumivu vilevile.

Siku nne! Kwa aliyekaa nje ya mlango wa mtoto wake usiku wa arosto, siku nne si tarakimu ya jarida. Ni ndani ya siku hizo kijana huruka dirishani kwenda kutafuta kete.

Sasa kabla hamjatukimbilia na magazeti mengine, wacha tuyaseme wenyewe yaliyo dhidi yetu. Watu 59 ni wachache. Wote ni wanaume. Arosto kali haikuwamo. Ilikuwa hospitali moja, katika nchi ambayo yoga si ugeni, na aliyepewa yoga alijua amepewa yoga. Zaidi ya hapo, huko Boston mwaka 1997 walichapisha jaribio la wagonjwa 61 wa methadoni waliogawanywa, hawa yoga na hawa mazungumzo ya kikundi na mtaalamu, kwa miezi sita. Makundi yote mawili yalipunguza unga, na haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia kwamba yoga inatibu uteja anawadanganya. Inafanya kazi ya shokapu. Shokapu haibebi gari.

Na hapa tuna ugomvi na watu wengine pia, si kamati peke yake. Katika meza ya duka moja tunalonunulia unga wa sembe (huo mwingine, ule wa halali) tulikuta kipeperushi cha mapumziko ya siku kumi na nne mashambani: yoga, juisi za kijani, mvuke, na ahadi ya "kutoka bila sumu za hospitali". Bei yake ingemlipia mwanafunzi kodi ya miezi mitatu. Hao na wenye kufuli tunawaona ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanamtoa mtu kwenye dawa ghafla, wanamnyang'anya ustahimilivu, kisha wanamrudisha mtaani palepale alipokuwa akinunua. Tofauti ni kwamba mmoja anatumia stoo na mwingine anatumia mishumaa ya kunukia. Na kwa mama mjamzito aliye kwenye unga habari ndiyo hiyo na zaidi: hakatishwi ghafla kwa kufuli wala kwa juisi, hupelekwa kwa daktari akawekwa kwenye dawa, kwa usalama wake na wa aliye tumboni.

Tuje kwenye ibada ya Kihindi. Hatudharau hofu hii. Mzee aliyeisema ni mtu tunayemheshimu, na mchungaji wa wenzetu Wakristo alimuunga mkono, jambo ambalo kusema kweli hatukuwahi kuliona tangu jumuiya ianzishwe. Lakini wakubwa kuliko sisi wameshalijadili. Novemba 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga kwa Waislamu, na hilo mtaletewa na kila mtu. Wasilolileta ni kwamba siku chache baadaye waziri mkuu wa nchi hiyohiyo alisema mazoezi ya mwili yasiyo na kuimba maneno ya ibada hayana ubaya. Wala hawaleti habari za baraza la maulamaa la Indonesia, ambalo Januari 2009 lilitenganisha wazi: yenye mantra na ibada ni marufuku, ya mazoezi ya mwili peke yake inaruhusiwa. Wala hawaleti habari ya Saudi Arabia, ambayo Novemba 2017 iliiandika yoga miongoni mwa michezo inayoruhusiwa. Mwalimu wetu amekubali bila kinyongo: hakuna "om", hakuna sanamu, hakuna ubani, na akisikia adhana atanyamaza. Tumwombe nini zaidi?

Tena tuulizane kidogo. Wajumbe wawili wa kamati, hatusemi ni nani, huenda kwa mtaalamu wa viungo kwa ajili ya migongo yao. Hupiga magoti na mikono chini wakaukunja mgongo juu kama paka, kisha wakaubonyeza chini kama ng'ombe. Tumewaona, wametuonyesha wenyewe na wakatushauri tufanye. Pozi hilo limo katika darasa la yoga popote uendapo. Hospitali ikiliita mazoezi ya mgongo ni dawa, mama yule akilifundisha kwa mateja ni shirki?

Iliyobaki ni aibu, na tunadhani hii ndiyo sababu ya kweli, hizo nyingine mbili ni kanzu tu ilizovaa. Eti mji utajua. Jamani, mji unajua. Na kule tulikotoka wamekwisha kuliita jambo hili kwa jina lake. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Malindi na Mombasa zikafuata mwaka 2015. Unguja vijana walioacha wamefungua soba hausi za kuwalea wenzao, na jirani anajua nyumba ni ya nini, na maisha yanaendelea. Nani asiyejua kwamba unga unapita baharini kwetu? Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini katika jahazi mbele ya pwani ya Kenya. Shehena kama hizo hazipiti pwani bila kudondosha. Watu wa Malindi na Unguja wanalijua hilo na wanapanga foleni ya methadoni asubuhi mchana kweupe. Sisi wenye pasipoti nyekundu na nyeusi ndio bado tunasema "kijana ana homa" na kumpandisha ndege.

Jambo la nauli tunalirudia, kwa sababu katika mkutano ulipitishwa mchango mwingine kabla hatujatoka nje. Kuna kijana mwingine, na kuna stoo nyingine. Tumekataa kuchanga safari hii, na tumeitwa wachoyo. Tumekwenda kwa mama yake badala yake. Tumemweleza kwamba hapa Uingereza anaweza kumpeleka mwanawe kwa daktari wao wa mtaa au kituo cha huduma za dawa za kulevya, hata bila barua ya mtu, na kwamba hakuna polisi atakayeitwa kwa sababu mtu kasema anaumwa. Aliuliza swali moja tu, kama watamfungia. Tulipomwambia hapana, alilia, na hatukujua kama ni kwa furaha au kwa hofu.

Baba yake hajakubali bado. Anasema dawa ni dawa. Tumemwachia namba ya simu juu ya friji.

Ombi letu kwa kamati, basi, limeandikwa upya na limekwisha kukabidhiwa kwa katibu, safari hii likiwa na mambo mawili. La kwanza ni ile Alhamisi, kwa sharti kwamba kila anayekuja awe anahudumiwa na daktari au kituo, au akubali kusindikizwa huko wiki hiyohiyo. Darasa halitakuwa mahali pa kukimbilia kuacha dawa. La pili ni naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayomrudishia pumzi aliyezidisha dozi akiwahiwa. Tangu Oktoba 2015 vituo vinavyotibu uteja hapa nchini vinaruhusiwa kumpa mtu naloksoni akaenda nayo bila cheti cha daktari. Tunataka pakiti mbili ziwekwe katika kabati la jikoni la ukumbi, karibu na sanduku la huduma ya kwanza, na watu sita wajifunze kuzitumia. Si kazi ngumu. Inafundishwa kwa muda mfupi kuliko ule ambao kamati hutumia kujadili biriani ya Idi. Mama wa yule kijana wa bafuni ameandika jina lake la kwanza katika hao sita.

Ufunguo wa ukumbi anao mweka hazina. Alhamisi saa kumi na mbili jioni ukumbi hauna kazi, na mwalimu amesema atatungoja hadi mwisho wa mwezi.